Mashine Isiyokula Kitu

Malaba,
Jumapili, 9 Februari 2025

Naliaka, mtoto wa dada yangu,

Yoga, salamu zangu zikufikie. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni na mlango wa chumba cha Auntie yako uko wazi, nisikie mashine yake ikipumua. Sisi tupo. Mahindi tuliyoweka yameingiwa na fukusi, lakini mbuzi amezaa mapacha, kwa hiyo siwezi kusema nyumba hii haina baraka. Auntie Akurut anakula uji, na samaki kama ni laini. Daktari anasema mapafu yake hayatarudi vile yalivyokuwa. Ule mpira wa oksijeni hautoki puani tena, hata akienda kuota jua mlangoni. Anafika pale mpira unapofika.

Usishangae kupata karatasi. Simu nimeizima na kuitia kwenye debe la misumari. Kuna mtu anaitwa Oriokot, anauza redio na televisheni kuukuu kule ng'ambo, upande wa Uganda, alikuja kwangu akapiga picha ya video ya kitu nitakachokueleza. Tangu hapo watu walikuwa wanapiga kutoka Mbale, Kitale, hata Juba. Callistus anakuja hapa na omena kila siku ya soko na nyumbani kwake ni Mundika, hatua chache kutoka kwako. Yeye ndiye posta yetu.

Sasa sikiliza. Unajua stima ya hapa. Inapotea mchana, inapotea usiku, na kila ikipotea mimi hukimbia na kumpepea mke wangu kwa kadibodi kama anayewasha jiko. Mwaka jana nilisema imetosha. Nimekuwa fundi wa malori miaka yote, sishindwi. Nimechukua betri za lori, zinazungusha mota, mota ina belti, belti inazungusha dinamo, dinamo inarudisha moto kwenye betri na unaobaki unawasha taa. Hakuna mafuta wala waya wa serikali, na haili kitu. Imezunguka kutwa nzima na taa tatu zikiwaka.

Wewe ni mwalimu wa fizikia. Nataka uje uione, uandike kwa jina lako kwamba umeiona. Watu wa hapa wananiamini. Wa kule juu wataamini mwalimu.

Mumeo Robinson anaendeleaje na kazi ya forodha? Na wewe, mbona nasikia hauko shuleni? Mwili una nini?

Mimi mjomba wako,
Ignatius Emorut


Mundika,
17 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Barua yako Callistus aliileta imekunjwa ndani ya kofia yake. Inanuka omena lakini nimeisoma mara mbili. Mpe Auntie salamu, mwambie nimemkumbuka na atap yake, ule ugali wa wimbi aliokuwa akinifinyangia vidonge vidogo nilipokuwa nakaa kwenu likizo.

Hapa tuko salama. Robinson anarudi nyumbani amechoka. Malori yamejaa Busia mpaka yadi hazitoshi, na kila dereva anataka karatasi zake zitoke za kwanza. Mimi daktari amesema nipumzike kidogo. Si jambo kubwa. Ila siwezi kusafiri kwa sasa.

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kushika tochi wakati unafunga nyaya, kabla hata sijaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo nitakuambia kama ninavyowaambia wanafunzi wangu, bila kukuvunjia heshima. Mtungi hauwezi kutoa maji ambayo hayakutiwa. Betri inaipa mota nguvu, mota inapoteza kidogo kwa joto na kelele, belti inapoteza kidogo, dinamo inapoteza kidogo. Kinachorudi ni kichache kuliko kilichotoka. Betri za lori ni kubwa, ndiyo maana taa zinawaka kutwa na unaona kama hazipungui.

Huenda nimekosea kwa sababu sijaiona. Basi nifanyie jambo moja. Iwashe, ikishika mwendo, toa betri zote. Acha dinamo iizungushe mota yenyewe. Kisha niandikie imezunguka kwa muda gani.

Ni hilo tu.

Mtoto wako,
Naliaka


Malaba,
16 Machi 2025

Mwalimu Naliaka,

Nimechelewa kujibu. Callistus alikuja mara mbili akanikuta sina nafasi. Mvua imeanza na njia yetu ni matope. Foleni ya malori imerudi nyuma hadi inapita kanisani, na madereva wanapika chai chini ya trela zao. Mtu akitaka kuvuka barabara anapita kati ya magurudumu. Mbuzi wale mapacha wanakua. Auntie yako anasema eyalama, yaani asante, kwa salamu, na anasema atap haipikwi tena na mtu yeyote hapa, kwa kuwa mimi nikipika inakuwa uji mzito.

Mambo yamesonga. Padri alikuja akaiona, akasema Mungu hupitia kwa mafundi pia. Sista Rosebella, muuguzi wa zahanati ya parokia, ameniomba ya pili, kwa ajili ya friji ya chanjo. Akina mama wa jumuiya wanaiombea kila Alhamisi. Na Oriokot anasema kuna watu Tororo wanataka kuiona ikizunguka mbele ya umati.

Umesema habari za mtungi. Mimi nakuambia hesabu zenu ziliandikwa na watu ambao hawajawahi kuishi kwa stima ya Malaba. Walisema pia kwamba chuma hakiwezi kuruka. Leo ndege zinapita juu ya paa langu na Auntie yako anazihesabu kwa sababu hana kitu kingine cha kutazama. Nani alimwambia aliyetengeneza ya kwanza kwamba aache?

Kila asubuhi akiamka ananiuliza, "Ignatius, imelala ikizunguka?" Nikimwambia ndiyo, anaomba chai. Zamani alikuwa haombi chai.

Umeandika "si jambo kubwa." Mama yako alisema hivyohivyo, wiki ile kabla hatujampeleka hospitali. Una nini?

Mjomba


Mundika,
23 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Nafurahi kusikia Auntie anaomba chai. Nimefurahi kwa kweli, na sentensi hiyo niliisoma tena kabla ya kuendelea.

Hapa ni mvua vilevile. Wanawake wa Bukhayo wanapita na majembe asubuhi, nawasikia wakicheka barabarani, na mimi nimelala ubavu wa kushoto natazama ukuta. Ukuta huu una ufa unaofanana na mto Sio. Robinson ananiletea vitabu vya wanafunzi nisahihishe, kisha anavificha akiona nimekaa muda mrefu.

Ndege haikuvunja sheria yoyote, Mjomba. Iliitii. Inakula mafuta mengi sana ili ipae, na mafuta yakiisha inashuka. Hakuna aliyemwambia mtu yule aache, kwa sababu hakudai kwamba ndege yake haili.

Barua yako ni ndefu na umenijibu kila kitu isipokuwa swali moja. Betri zikitoka, inazunguka kwa muda gani?

Sikuulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa sababu ya mpira ule puani mwa Auntie. Siku utakapomwunganisha kwenye mashine yako ukiamini kuwa haina mwisho, mwisho utafika bila kubisha hodi.

Mwenzako ni betri, Mjomba, si mota. Betri ulizo nazo, zikijazwa wakati stima ipo na kuachwa zitulie, zinaweza kumvusha Auntie kwa saa kadhaa. Tafuta fundi akuwekee na paneli ya jua juu ya bati. Mashine nzima unayoihitaji tayari uko nayo, ukiondoa tu kile unachokipenda zaidi.

Naliaka


Malaba,
2 Mei 2025

Naliaka,

Salamu. Tu wazima.

Jumapili tarehe kumi na nane, baada ya misa ya pili, mashine itazunguka hadharani nyumbani kwangu. Padri atakuwepo na watu wa Tororo watavuka asubuhi. Kama hauwezi kuja mtume Robinson.

Sikuuliza habari za paneli.

Auntie anakusalimu. Amepungua kidogo lakini sauti iko.

I. Emorut


Mundika,
8 Mei 2025

Mjomba,

Sianzi na habari za nyumbani leo, nisamehe. Nimempa Callistus barua hii na nimemwambia asiiweke kofiani bali kifuani.

Robinson hawezi kuja kwa sababu hawezi kuniacha. Usiniulize zaidi.

Fanya maonyesho yako. Washa taa, watu wafurahi, sikuzuii. Lakini Auntie aachwe nje ya maonyesho. Na ikitokea stima imepotea siku hiyo, na hauna njia nyingine, toa belti. Unanielewa? Mota ikiendelea kuzunguka inammaliza. Toa belti, acha betri zimhudumie yeye peke yake, kisha tafuta mtungi wa oksijeni kwa njia yoyote.

Nakuomba unijibu kabla ya tarehe hiyo, hata kama ni neno moja.

Naliaka


Malaba,
25 Mei 2025

Mtoto wa dada yangu,

Barua yako ya tarehe nane Callistus aliileta Jumanne, yote yakiwa yamekwisha. Alikuwa ameshikwa na malaria, akalala Adungosi kwa shemeji yake wiki nzima, barua ikiwa kifuani kama ulivyomwagiza. Alinipa huku analia. Nilimwambia asilie. Soma, nitakuambia kwa nini.

Jumapili ile walijaa. Walikaa juu ya ukuta, wengine juu ya trela la dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Niliiwasha, ikashika mwendo, taa zikawaka ingawa ni mchana mweupe, Oriokot anapiga picha na anaeleza kwa Kiteso, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Padri alibariki. Mimi nilikuwa nimevaa koti la harusi ya kaka yako.

Halafu wingu likaja kutoka upande wa Tororo na upepo wake. Transfoma ile karibu na yadi ya malori ikapasuka, tukaona moshi. Ndani ya nyumba mashine ya Auntie ikaanza kulia ile kengele yake.

Mwanangu, watu wote walinigeukia. Hawakuogopa. Walikuwa wanatabasamu, kama kwamba Mungu mwenyewe ameleta mtihani ili mtoto wake apasi. Sista Rosebella akasema, "Mzee, si ndiyo hii sasa?" Nikavuta waya hadi chumbani, nikaunganisha. Kengele ikanyamaza. Akina mama wakaanza kuimba.

Sijui waliimba kwa muda gani. Najua nilisikia mota ikishusha sauti kabla mtu mwingine hajasikia. Fundi husikia. Taa zikawa njano, halafu nyekundu kama makaa. Nilichungulia ndani, Auntie yako alikuwa ameketi kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili, midomo imeanza kuwa ya buluu.

Nikaenda kwenye mashine. Oriokot akanishika mkono. Akasema, "Mzee, usiguse. Watu wanatazama. Itapanda tena."

Nilimwambia, "Haitapanda."

"Umejuaje?"

Nilikuwa na kisu cha kukatia mipira. Nikaikata belti. Mota nikaing'oa waya, na taa zote nikazing'oa. Kila kitu walichokuja kukitazama kikasimama. Mvua ilikuwa ndiyo inaanza kugonga bati, na kutoka chumbani nikasikia mashine ya Auntie ikirudi kupumua sawasawa.

Mama mmoja akauliza, "Imeharibika?"

Nikasema, "Haijaharibika. Ilikuwa inakula hewa ya mke wangu."

Mtu alicheka, sijui ni nani. Watu wa Tororo wakaondoka kwanza. Rosebella aliita gari la wagonjwa, likakwama nyuma ya malori, tukalisikia likipiga king'ora mahali pamoja kama mtoto aliyefungiwa nyumbani. Ndipo kijana mmoja wa boda akapita kati ya magurudumu hadi hospitali, akarudi na mtungi wa oksijeni umefungwa nyuma kwa mipira, namna wanavyofunga nguruwe. Alifika jioni betri zikiwa karibu kufa. Aliendelea kutuletea mtungi mwingine kila ule ulipoisha, hadi stima iliporudi Jumatano. Auntie yako yuko hai. Amelala sasa ninapoandika.

Oriokot aliniuliza nimejuaje. Wewe umeniuliza mara mbili na nimekunyima jibu. Nilitoa betri mwezi wa tatu, nikiwa nimefunga mlango. Ilisimama kabla sijakunja mikono ya shati. Nikarudisha betri, nikatoka nje, Auntie akauliza imelala ikizunguka, nikasema ndiyo. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake kusema vingine. Padri, Rosebella, wale akina mama wa Alhamisi. Nilikuwa kama lori lililo katikati ya foleni, mbele haliendi na nyuma haligeuki.

Nilimwambia Auntie jana. Alisema, "Mimi nilijua usingekuwa unanitazama hivyo kama ingekuwa kweli." Kisha akaomba nimwinue mto.

Haujaniambia una nini. Mimi nimesema yangu.

Mjomba wako


Mundika,
1 Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Nimelia na Robinson amenikataza kulia. Asante kwa belti. Mwambie Callistus, kwa niaba yangu, hana kosa.

Nimebeba mimba, Mjomba. Ni ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka na hatukumwambia mtu, ndiyo maana uliniona nimekonda kwenye mazishi ya Mama ukadhani ni msiba peke yake. Hii daktari alinionyesha kwenye picha Januari mwaka huu, akasema mlango wa kizazi ni dhaifu, wakaushona, akasema nilale. Akanieleza na uwezekano kwamba itatoka tena. Mimi ninayefundisha watoto kuheshimu namba nilimsikiliza, nikamshukuru, kisha nikarudi hapa na kuzikataa namba zake kila asubuhi. Naamka naweka mkono tumboni, nauliza kitu kinachofanana sana na kile anachouliza Auntie.

Kwa hiyo nilipokuwa nakuandikia habari za mtungi na maji, nilikuwa naandika nikiwa nimelala kwa ajili ya kitu ambacho vitabu vinasema huenda kisidumu. Sikutaka uje ukaniambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sikutaka mtu yeyote anipe neno lolote, zuri au baya.

Sheria ile bado ni sheria. Sitakudanganya kwamba nimeibadili. Lakini nimeona tofauti moja. Tumbo hili nalilisha mimi, kwa uji na kwa usingizi na kwa kutosimama, na najua linachokula. Nikinyimwa, nitakuwa nimenyimwa. Sitakuwa nimemdanganya mtu.

Ongea na fundi wa paneli. Tafadhali.

Naliaka


Malaba,
29 Juni 2025

Mwanangu,

Niliposoma barua yako nilitoka nje nikakaa na mbuzi.

Sitakuambia neno lolote, kama ulivyotaka. Auntie yako yeye ameshindwa kunyamaza. Amesema niandike kwamba ukilala ubavu, uweke mto katikati ya magoti.

Huko nje si kuzuri. Watoto wa shule wakipita wanaiga sauti ya mota. Padri alihubiri juu ya unyenyekevu, na sikuwa na haja ya kuuliza ni wa nani. Nilienda zahanati kumwambia Sista Rosebella kwamba friji yake haitapata kitu kutoka kwangu. Alinitazama, akasema, "Basi njoo unitengenezee jenereta, imekaa mwaka mzima." Naenda huko asubuhi kwa muda mfupi, jirani akikaa na Auntie.

Paneli ziko juu ya bati. Fundi aliyeziweka ni kijana wa Amagoro, hazungumzi sana. Dinamo nimeiuza kwa mwenye lori la aina ileile ilikotoka. Mota imebaki. Bado nikipita nayo mkono wangu unataka kuigusa. Oriokot amenitumia habari kwamba kuna mtu Bungoma ana mashine ya sumaku, haili kitu, niende nikaione. Nitakuambia ukweli: usiku ule sikulala. Asubuhi sikwenda.

Betri zikijaa zinamvusha Auntie kutoka chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana na kidogo zaidi. Nimezipima mara nyingi, yeye akiwa kwenye stima. Zamani nilikuwa sitoki kwa hofu kwamba stima itapotea wakati wowote. Sasa najua nina muda wa kutosha kutoka na kurudi. Tangu mwaka jana sijapita nje ya soko la Malaba.

Mjomba


Mundika,
10 Agosti 2025

Mjomba mpendwa,

Ulipoondoka jana nilijua nitaandika, ingawa simu yako sasa inawaka.

Mpe Auntie salamu, na umwambie mtoto ananyonya. Ni mdogo na anafunga ngumi akilala. Robinson amezoea kumpeleka dirishani kumwonyesha barabara, na mtoto hatazami chochote. Tumemwita Akurut kama yeye, na hiyo nadhani ulishamwambia kabla hujavua viatu.

Sikutegemea uje. Nilisikia boda boda ikizima nje, nikadhani ni Callistus na omena zake. Ukaingia na koti lile, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote hiyo kubishana na wewe juu ya mashine, na hatukuitaja. Uliketi kwenye kigoda, ukanawa mikono, ukampokea mtoto, na kila baada ya muda ukawa unatazama saa ya ukutani juu ya bega langu. Robinson alidhani unachoka. Mimi nilijua unahesabu betri.

"Kaa basi ule," nilikuambia.

Ukasema, "Nikila nitachelewa."

"Chai basi. Iko jikoni inachemka."

Ulimtazama mtoto, ukatazama saa, ukanirudishia mtoto taratibu kama kitu kilichojaa hadi ukingoni. Robinson akakusindikiza. Nilisikia boda ikipanda kuelekea lami, ikanyamaza kwenye kona, kisha ikasikika tena mbali.

Chai ilipoiva hakukuwa na mtu wa kuinywa. Nikamlaza mtoto, nikashika ukuta, nikatoka. Chai yako niliinywa mimi, nimesimama uani kwa miguu yangu, mimi niliyeambiwa nilale, na jua lilikuwa kali.

Mtoto wako,
Naliaka